Tope la Miaka ya Sitini

Muzdalifa alitoka Dar es Salaam na mabomba yake ya plastiki, akafikia kwa shangazi yake, Hajira, kijiji cha ziwani huko bara ya Kibiti. Hajira alikuwa mjane. Alibanika perege na kambale kwenye chanja, akawauzia wachuuzi wa mjini.

Kazi ya Muzdalifa ilikuwa kudidimiza bomba kwenye tope la chini ya ziwa, kulichomoa likiwa limejaa, kisha kulikata tope vipande vyembamba. Alitaka kujua mafuriko ya mto huacha tope kiasi gani. Siku ya kwanza tu, Shaabani, mvuvi aliyempakia mtumbwini, akamuuliza mbele ya wenzake anatafuta nini mle.

"Seziamu," alijibu. "Ni mabaki ya mionzi. Miaka ya sitini mataifa makubwa yalijaribu mabomu huko mbali, vumbi lake likashuka na mvua dunia nzima. Nikiikuta nyingi kwenye kipande cha tope, najua kipande hicho ni cha miaka ile."

Alikuwa na mengine ya kueleza, lakini watu walishasikia mionzi na mabomu.

Haikupita wiki, Hajira akarudi kutoka sokoni na tenga lake limejaa kama lilivyotoka. Akaketi kizingitini bila kuvua ushungi.

"Wanasema samaki wetu wana bomu."

"Shangazi, ile seziamu imegandana na udongo wa mfinyanzi, haibanduki kirahisi. Imefukiwa na tope la miaka yote hiyo. Na kila miaka thelathini inapungua nusu. Iliyobaki majini ni kidogo mno, haimdhuru mtu."

"Mie nakuamini, mwanangu. Lakini mie si mnunuzi."

Muzdalifa akaenda mwenyewe kwa Iddy, mchuuzi mkubwa pale sokoni, akamweleza yote tangu mwanzo.

"Dada, unasema imo lakini haidhuru," Iddy alisema. "Mteja akisikia imo, hangoji hilo la pili."

Muzdalifa akala samaki mbele ya watu wa sokoni. Wakamtazama kama wanavyomtazama mgonjwa. Akapeleka samaki kupimwa Dar es Salaam. Majibu yakaja kwamba ni salama, mwenyekiti wa kijiji akayasoma mkutanoni. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakaenda kununua dagaa wa kutoka kwingine. Kila jioni Muzdalifa alirudi kutoka kueleza watu yale yale, akaanza kuyachukia hata maneno yake mwenyewe.

Mvua za masika zilipokata barabara, dagaa wakaadimika, Iddy akarudi ziwani kununua. Hakuuliza habari ya mionzi. Alinunua kwa Shaabani na wengine, akapita na mlangoni kwa Hajira.

"Mama, chanja vipi?"

"Nimekichoma kuni. Moshi umenimaliza macho, na kubembeleza watu kumenimaliza roho. Nalima mpunga sasa."

Muzdalifa alikuwa ndani, akasikia. Iddy alipoondoka, akatoka akasimama karibu na shangazi yake.

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika," Hajira alisema. "Sasa nimechoka tu. Wewe hujachoka?"

"Nimechoka."

"Basi twende, magugu hayatungoji."

Wakateremka bondeni pamoja, wakapalilia mpaka adhuhuri.