Jina Chini ya Picha

Mama alipopata kiharusi mkono wake wa kulia ulilegea, na nesi akatuambia tumtafutie kazi ndogo ya vidole. Nikamnunulia kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Alikitazama, akanitazama mimi, akaniuliza kama naona ameanza kunyonya. Mkono ulikuwa umelala, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

Ndipo nikamkumbuka Kagure, mwenye duka la fotokopi hapa mjini Sultan Hamud. Kagure huchukua michoro ya majarida ya zamani, akaifuta rangi kwa kompyuta na kubakisha mistari, kisha akaifunga kuwa vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima. Akina mama wa kanisani walikuwa wanavigombania, wakisema vinaondoa mawazo. Basi nikampelekea majarida ya marehemu baba, aliyoyaweka sandukuni tangu alipokuwa karani Nairobi. Niliyafunua mwenyewe nikimchagulia michoro mizuri, na nilijiona binti mwerevu sana. Hakuna aliyenituma.

Kitabu kilimwamsha mama. Alishinda barazani akiwapaka rangi wanaume wenye suruali pana na akina dada wenye nywele zilizofumka, akiwacheka mmoja mmoja. Jirani yetu Kavata alikuja kumchongea penseli, wakapata na nafasi ya kumsengenya pasta. Vidole vikaanza kushika. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Kagure.

Sasa niseme kuhusu jina langu. Naitwa Kalunde. Kwetu Ukambani mtoto hapewi jina ovyo, hurithi la mtu wa ukoo, na aliyerithi jina la mkubwa huheshimiwa kama mkubwa mwenyewe. Baba alisema Kalunde alikuwa dada mdogo wa mama yake, aliyefariki kijijini Tulia akijifungua. Nyanya naye alikuwa ameshakufa, na ni mke gani atamchunguza mkwe aliye kaburini? Kwa hiyo mama hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Hakunichapa hata siku moja, na kaka yangu Mutie alikula viboko vya makosa yangu. Paja la kuku lilikuja kwangu kwanza. Nilikua nikijua kwamba mimi ni mkwe wa mama yangu, na nilideka ipasavyo.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameinamia mchoro wa hadithi ya mapenzi. Kijana ameegemea gramafoni, na binti wa gauni refu amemshika bega. Gauni alikuwa ameshalipaka nusu.

"Huyu ni baba yenu," mama akasema.

Nikainama. Alikuwa ni yeye kweli, masikio yale hayana mwingine. Chini ya picha kulikuwa na maandishi madogo sana: Waliokaa mbele ya mchoraji ni Bwana Mbaluka Nthiwa na mchumba wake, Bi. Kalunde. Pembeni palikuwa na tarehe ya jarida, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Mwaka huo mama alikuwa kijijini kwetu Kwa Vonza, ameolewa na baba huyo huyo, Mutie yuko mgongoni.

Kumbe hapakuwa na dada wa nyanya wala marehemu wa Tulia. Baba alichukua jina la mpenzi wake wa Nairobi akanipa mimi, na mke wake akaliheshimu maisha yake yote. Laiti angekuwa hai ningemwambia yote usoni, mila ya Kikamba iruhusu isiruhusu.

"Nisomee hapo chini, mwaitu," mama akasema. "Mimi macho yangu haioni hiyo maandishi."

Niliutazama ule mkono uliokuwa umeanza kupona. Nikamwambia wameandika kwamba ni vijana wa Nairobi wanangojea dansi, na kwamba hakuna majina.

Alipaka rangi kidogo, kisha akaiweka penseli chini.

"Kavata alinisomea jana. Nikasema ningoje wewe. Kama hujui, utashtuka, uniambie. Kama ulikuwa unajua, utanificha."

"Mama, sikujua. Nimeona sasa hivi tu. Nimekuficha ndio usiumie."

"Hizo majarida si ni wewe ulitoa kwa sanduku? Si ni wewe ulichagua?"

Nilimwambia nilitazama michoro tu, sikusoma maandishi. Ulikuwa ni ukweli mtupu, lakini baada ya ule uongo ulitoka kinywani ukiwa umepinda, na mimi mwenyewe niliusikia. Nikalia mbele yake, mtu mzima na watoto wangu. Hakunituliza. Aliifunika picha kwa leso yake, akaniomba simu.

Mutie alikuja Jumamosi na gari kutoka Kwa Vonza. Mama alimwambia amechoka na vumbi la barabara ya Mombasa, basi, na Mutie hakuuliza zaidi. Nilifunga nguo zake. Nilimshika kiunoni nikamsaidia kupanda, akatafuta pumzi, akanitazama kwa adabu zote.

"Asante sana, Kalunde," akasema. "Umenitunza vizuri."

Mutie akageuka, akacheka, akaniuliza tangu lini mama ananiita kwa jina. Nikamwambia awashe gari aende. Sikuwa na jina lingine la kumpa mama aniite.