Injinia wa Mlango wa Kushoto

Ukweni walimwita Injinia, kiwandani walimwita Kushoto, na kwa miaka yote aliyokuwa kazini alijitahidi sana majina hayo mawili yasikutane.

Kazi yake kiwandani ilikuwa moja. Gari lilimfikia likiwa halina viti wala taa, likijivuta juu ya mnyororo bila haraka yoyote. Yeye alishusha mlango kutoka kwenye ndoano, akaukalisha kwenye bawaba, akakaza bolti nne, akaufunga, akasikiliza. Ukitoa mlio mzito wa kuridhisha, gari lilikwenda kwa mwenzake wa vioo na yeye akageukia lingine. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbele, upande wa kushoto, yaani wa abiria. Ule wa dereva ulikuwa wa mtu mwingine, aliyejiona kidogo, na huenda alikuwa na haki.

Hakuwahi kusema uongo. Hilo alijiambia mara nyingi, hasa wakati wa kunyoa ndevu. Wakipita barabarani, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akimgusa kiwiko na kumwonyesha gari. "Na lile ni lako?" Naye hujibu, "Letu lile." Na kweli lilikuwa lao, na mlango wa kushoto ulikuwepo pale pale. Mtu hawezi kusimama kando ya barabara akaanza kumhutubia mkewe juu ya bawaba. Mama mkwe naye alikwisha kuwatangazia majirani zake wote kwamba mkwewe anatengeneza magari, na mama mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa heshima, si wa kusahihishwa. Basi jambo likaachwa hivyo hivyo, likanenepa lenyewe bila kulishwa.

Kisha kiwanda kikaanza kunyong'onyea. Meli zilileta magari ya mitumba, yanang'aa, yana redio, na bei yake haikufika nusu ya yale yaliyotoka kwenye mnyororo. Watu waliyakimbilia, na ilikuwa vigumu kuwalaumu, maana hata mkuu wa mauzo wa kiwanda alionekana akishuka kwenye moja. Alieleza kwamba ni la shemeji yake. Kwanza ikafutwa zamu ya usiku. Ikafuata idara ya rangi. Mwishowe mnyororo ukawa unalala kutwa nzima, na mafundi wanapiga soga mbele ya magari yasiyosogea.

Siku walipotangaziwa kwamba kiwanda kinafungwa, hakuna aliyeondoka. Kila mtu alibaki mahali pake, mikono tayari, kana kwamba gari lingine lingetokea, mpaka mpishi wa kantini alipokuja kuuliza kama chakula akimwage au wanakula. Wakala. Kushoto akarudi nyumbani, akavua viatu, akafungua kabati la vyombo, akalifunga, akasikiliza. Mkewe alimtazama kutoka kwenye cherehani, kisha akaendelea kushona. Baada ya majuma machache hapakuwa na mlango wala dirisha la nyumba ile lililothubutu kulia, na majirani wakaanza kuleta masanduku yao yenye bawaba mbovu.

Masanduku hayakumsumbua. Kilichomsumbua kilikuja Ijumaa asubuhi kikivutwa kwa kamba.

Ilikuwa teksi ya shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Gari lilikuwa la kiwanda kile kile. Shemeji alilinunua kwa ajili ya heshima ya dada yake, na tangu hapo alikuwa akilipa gharama ya heshima hiyo kwa kila kipuri alichokikosa madukani. Siku hiyo lilikuwa limechemka njiani, likatoa mvuke, likazimika. Na haukuwa wakati wa kuzimika. Shemeji alikuwa amepewa kazi ya kuwapeleka wauguzi hospitalini na kuwarudisha kila siku, kuanzia Jumatatu. Asipotokea Jumatatu, kazi inakwenda kwa mwingine ambaye tayari anaizungukazunguka.

"Nilitaka kumpelekea Fundi Mzee pale gereji," alisema huku akifungua kamba. "Dada kanizuia. Kasema mwenye gari yupo nyumbani."

"Si ndivyo?" mkewe aliuliza, akimgeukia mumewe kwa uso uliojaa fahari.

Kushoto alitazama gari. Likishindikana, shemeji atapoteza kazi. Akikiri kwamba hajui, yeye mwenyewe atapoteza jina, na baada ya kiwanda hakuwa amebakiwa na kitu kingine chenye ukubwa huo. Kati ya mambo hayo mawili aliamua, kwa muda, kutoamua.

"Liacheni," akasema.

Akawaita wenzake wawili wa mnyororo. Wa kwanza alikuwa mtu wa viti, mpole, mwenye vidole vinene. Wa pili aliitwa Winchi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akishusha injini ndani ya magari, na alifika akiwa na sauti ya mtu aliyekuja kuokoa nchi. Injini? Alikuwa ameziweka nyingi kuliko nywele za kichwa chake, alisema. Kichwa chake kilikuwa na upara, lakini walimwelewa.

Wakafungua boneti. Wakatazama kwa adabu. Kisha, bila kupanga, kila mmoja akasogea mahali alipozoea: mtu wa viti akaingia ndani, Winchi akasimama mbele na mikono hewani, Kushoto akazunguka upande wake wa kushoto. Pale wakajisikia nafuu. Mtu wa viti aligundua kwamba kiti cha nyuma kinayumba, akakikaza vizuri kabisa. Kushoto alikuta mlango wake umelegea kidogo, akautengeneza. Jua lilipofika utosini, gari lilikuwa limekuwa zuri kuliko lilivyokuja, na halikuwa na dalili yoyote ya kuwaka.

"Sasa itoe injini tuione," Kushoto alimwambia Winchi.

Winchi alijikuna kidevu. Alieleza, kwa sauti iliyopungua, kwamba injini zilikuwa zinakuja ndani ya makasha, zimekwisha kufungwa huko zilikotoka. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe.

"Kwangu mimi injini inashuka," alisema. "Sijawahi kuiona inapanda."

Wote watatu wakaitazama injini. Ndipo walipotambua jambo ambalo halikuwahi kuwapitia akilini: katika maisha yao yote ya kazi hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kitu. Magari yalikuwa yakiwajia mapya, matupu, nao wanaweka, wanakaza, yanaondoka. Yakienda kuharibika, yanaharibikia huko mbele ya watu wengine.

Hata hivyo walijaribu. Mwanamume aliyesimama mbele ya boneti iliyo wazi, na majirani wanapita, hawezi kukaa bure. Winchi alilegeza bomba moja lililoonekana halina madhara. Maji yenye kutu yakawamwagikia viatuni, yakifuatwa na kipande cha mpira ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi. Walipolirudisha bomba, mkononi mwa Kushoto zilibaki skrubu mbili.

Wakati huo mkewe alitoka na chai. Hakutazama injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele wa kushoto, akaufungua, akaufunga, na ule mlio mzito wa kuridhisha ukasikika uani kote. Akatabasamu kama mtu aliyesifiwa yeye. Akasema anakwenda kumpigia kaka yake amwambie asiwe na wasiwasi, gari liko mikononi mwa wenyewe.

Kushoto alizitazama zile skrubu mbili. Bomba walilifungua kwa kubahatisha. Kinachofuata nacho watakibahatisha, na Jumatatu shemeji atakuwa amekaa nyumbani akiwa na kiti cha nyuma imara. Akamfuata mkewe chumbani. Alikuwa amesimama kando ya cherehani, simu mkononi, pini mbili mdomoni.

"Mama watoto, usipige kwanza."

Mkewe akaishusha simu.

"Mimi kule kiwandani nilikuwa nafunga mlango."

Alitoa pini. "Mlango upi?"

"Wa mbele. Wa kushoto."

"Na mwingine?"

"Mwingine ulikuwa na mtu wake."

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kushoto aliona anahesabu kitu kichwani: harusi alikojitapa, shangazi aliowanyamazisha, magari yote aliyoyaonyesha kwa kidole. Alitamani aseme neno lolote, hata baya.

"Upande wa abiria," mkewe alisema hatimaye, taratibu. "Hata dereva haupitii."

"Hata dereva haupitii."

Ndipo alipocheka. Alianza kwa pua, akajizuia, akashindwa, akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona, na mabega yakamtikisika. Kushoto alisimama akingoja, maana hakujua kama kicheko kile kinamwingiza ndani au kinamtoa nje. Kilipokwisha, macho ya mkewe yalikuwa na maji ambayo si yote ya kucheka.

"Ungeniambia," alisema. "Ningejitapa kwa mlango. Unadhani ningeshindwa?"

Kushoto alimfahamu vya kutosha kujua kwamba kweli asingeshindwa.

Kisha mkewe alinyanyuka, na ule upole ukawekwa kando pamoja na kitambaa. Gari linakwenda kwa Fundi Mzee sasa hivi, alisema, na kaka yake ataambiwa na mwenye mlango, si na yeye.

Gereji ya Fundi Mzee ilikuwa mwisho wa mtaa, na kamba shemeji alikwisha kuondoka nayo. Basi wakasukuma. Wanaume wote watatu walikuwa nyuma, na kwa kuwa hakuna aliyebaki, mkewe akashika usukani. Hakuwahi kuendesha chochote zaidi ya cherehani, ila alikaa wima na kuwaamuru kupitia dirishani kama aliyezaliwa na leseni. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Kinyozi aliuliza kama hilo ndilo toleo jipya la kiwanda, lisilotumia mafuta. Mama muuza nguo alitaka kujua Injinia amefika gia ya ngapi. Kushoto aliinamisha kichwa akasukuma. Jambo la ajabu ni kwamba aibu, alipokwisha kuibeba barabarani, haikuwa nzito kama alipokuwa ameificha nyumbani. Au labda ni gari lililokuwa zito zaidi.

Shemeji, aliyepigiwa simu aje tu bila kuelezwa, aliwakuta mlangoni mwa gereji. Alimtazama dada yake kwenye usukani, akawatazama walioko nyuma, jasho linawatiririka.

"Shemeji, sijui kutengeneza gari," Kushoto alisema kabla hajaulizwa. "Nimewahi kujua mlango tu. Nilipaswa kukwambia asubuhi. Nimekupotezea siku."

Shemeji alikuwa mtu wa hasira za karibu. Lakini alikuwa amechoka, na Jumatatu ilikuwa bado inawezekana.

"Na dada alijua?"

"Kajua leo."

"Basi adhabu yako iko nyumbani," shemeji alisema. "Mimi siongezi."

Fundi Mzee alikuwa mtu mkavu, mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameishi kwa kuyacheka magari ya kiwanda kile na kuyatengeneza. Aliinama chini ya boneti, akaguna, akauliza ni nani amelifungua bomba hili. Winchi akapata ghafla hamu ya kutazama matairi. Fundi akasema tatizo lenyewe ni dogo, rejeta ya kupozea injini imeziba, ila wao wamemwongezea la pili, kwa hiyo gari litatoka kesho jioni badala ya leo. Akamgeukia Kushoto.

"Wewe ndiye wa milango."

"Mmoja," mkewe alimsahihisha kutoka kwenye usukani. Hakuwa ameshuka.

Wenzake wawili waliaga. Shemeji akaketi kwenye tairi kuukuu. Kushoto alipaswa naye kuondoka, lakini miguu haikutaka. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha mara nyingine, na badala yake mdomo ukatoa kitu kingine.

"Nifundishe."

Fundi Mzee alimpima kutoka juu hadi chini, mvi za kando ya masikio zikiwemo. Alisema hana nafasi ya injinia. Ana nafasi ya mtu wa kuosha nati kwa mafuta ya taa, kazi chafu, na mtu huyo haulizwi alikuwa nani zamani.

"Na mtu huyo anaruhusiwa kuuliza?"

"Kuuliza ni bure."

Kushoto akakunja mikono ya shati. Akaupenyeza mkono wake chini ya boneti ambayo asubuhi nzima alikuwa ameitazama kwa woga, akagusa kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

"Hiki kinafanya kazi gani?"

Fundi akamweleza, kwa maneno machache, bila kucheka. Akagusa kingine. Na kingine. Kwenye cha nne au cha tano mkewe alifungua mlango, akashuka, akaja kusimama upande wa pili wa injini na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Rudia hicho cha mwanzo," alimwambia fundi. "Kuna watu nyumbani kwetu nitalazimika kuwaeleza."