Mbuzi Aliyeuzungusha Mji

Mbuzi wangu nilimpa jina la Waziri, kwa sababu alikula kila kitu na ukimuuliza hajibu. Alikula majani, akala jamvi, na siku moja akala upindo wa kanga yangu mpya hali mimi nimo ndani yake. Kwa hiyo wanaume walipotafuta mnyama wa kuzungusha mji, mimi Mwanalima nilisimama wa kwanza.

"Mchukueni Waziri," nikasema. "Sitaki hata kuagana naye."

Kwetu kisiwani Kudhaa, balaa likishapita, mji huzungukwa. Ng'ombe hutolewa mlangoni mwa msikiti, wanaume wakamfuata kwa Yasini, wanawake wakaja nyuma na vyetezo vya ubani, mpaka mduara ukutane pale pale ulipoanzia. Hapo huchinjwa, na kila aliyezungukwa akapata fungu lake. Sharti ni moja tu: Yasini ikishaanza, mnyama hapigwi wala hageuzwi, na watu hawarudi nyuma. Aendako yeye, ndiko mji uliko.

Na balaa lilikuwa limepita, tena si dogo. Walikuja vijana wa bunduki, wakatwambia sisi, ambao babu zetu walisali hapa hata mawe ya msikiti yakalika, kwamba hatujui kusali. Wakakataza vugo, zile pembe wanawake wapigazo harusini, wakakataza maulidi, wakakataza mwanamke kucheka ikasikika sauti yake. Mimi nilivimba tumbo kwa vicheko nilivyovimeza. Mzee Jaafar, muadhini wetu, akawaambia msikiti una wenyewe. Wakamuua mlangoni, adhana ya adhuhuri bado i mdomoni mwake. Ndipo tukakimbilia Kismayu, kila mtu na mtoto wake na sufuria yake. Walipofukuzwa tukarudi, tukakuta madau yetu tuliyoyaacha yamekuwa majivu. Tulibakiwa na mitumbwi ya kuvulia karibu, na boti moja ya faiba ya mjukuu wangu Mahmudi, ambayo mashine yake ilikuwa imekufa.

Huyo Mahmudi mimi humwita mume wangu, naye huniita mke mkubwa. Alikuwa ameposa kisiwa cha Chovae, binti aitwaye Hanan. Baba yake Hanan alikuwa akihamisha watu wake kwenda Mombasa, na alishasema wazi: kama bwana arusi hakuja kumchukua mkewe kabla hawajaondoka, basi binti ataondoka na wazazi wake. Na Chovae huendi kwa kumpungia mtu mkono. Huenda kwa boti, na boti huenda kwa mashine.

"Mume wangu," nikamwambia, "mimi nakusubiri mke mwenzangu aje anisugue miguu, nawe umekaa tu."

"Mke mkubwa, mashine iko kwa fundi."

"Na fundi yuko wapi?"

"Fundi anafunga mizigo."

Fundi mwenyewe alikuwa Ouko, Mkenya wa upande wa ziwa, Mkristo, aliyeletwa na tajiri wa samaki wa Kismayu kutengeneza mashine za visiwani. Hakulala mjini. Alipiga hema lake kule mwisho wa rasi, mbali na nyumba zote, akajipikia mwenyewe, akafanya kazi mgongo kwa bahari na uso kwa mji, kama mtu anayengoja kuvamiwa. Mashine ya Mahmudi aliifungua yote, akaitandaza juu ya turubai. Kisha kukalipuka bomu sokoni Kismayu. Ouko akasema boti ya kwanza itakayokuja kuchukua samaki, anapanda.

Nikampelekea mikate ya mofa, ya moto bado, nikaiweka chini karibu na meko. Alisimama mbali nami, akanisalimu kwa adabu, lakini mkono hakuutoa.

"Asante, mama. Sina shida na wewe. Lakini dini yenu imeniulia ndugu yangu."

"Dini yangu mimi?" nikamwambia. "Mwanangu, mimi nasali nimeketi kwa sababu ya magoti. Hiyo dini yangu ingefika Kenya saa ngapi?"

Niliona mdomo wake umetaka kucheka, akaukataza. Mikate hakuichukua. Lakini nilipoinama kuiokota niliona kitu kingine: alama za kwato, nyingi, zimezunguka meko yake, na sufuria iliyorambwa ikang'aa. Nikakumbuka kwamba Waziri alikuwa akirudi nyumbani kila siku alasiri na unga mweupe ndevuni. Nikanyamaza. Mimi kunyamaza si kawaida yangu. Ningekuwa na mume hai angejua kuna jambo.

Ndipo mwalimu wetu wa msikitini, Mwalimu Abdulqadir, alipowaita watu wapange siku ya kuzungusha mji. Ng'ombe yuko bara, na hapandi mtumbwi. Nikamtoa mbuzi wangu, kama nilivyosema.

"Na yule fundi?" akauliza Mwalimu. "Naye analala hapa kisiwani."

Shuaibu akajibu. Huyu ni mtoto wa marehemu Jaafar, na ndiye aliyeshika adhana baada ya baba yake. Ana sauti ile ile, ukiisikia unageuka kumtafuta mzee. "Tunazungusha mji, Mwalimu. Hema lake liko nje ya mji. Tena yeye mwenyewe hataki kuwa nasi. Mtu akikukimbia utamfuata na ubani?"

Wengi wakaona kweli. Njia ikapangwa: msikitini, nyumba za juu, makaburini, kisimani, kurudi msikitini. Mimi nikauliza swali moja tu, tutatoka wakati gani. Wakasema asubuhi. Nikasema asubuhi mimi magoti hayajaamka, tutoke jua likisimama. Wakaniheshimu kwa uzee wangu. Jua likisimama ndipo Ouko alipokuwa akisonga ugali.

Siku hiyo hata waliokuwa na homa walitoka. Mwalimu alishika kamba ya Waziri, kaiacha ilegee kama inavyotakiwa. Yasini ikaanza. Waziri akaenda kwa heshima zote, nyumba za juu, makaburini, kichwa juu, hata nikaona haya kwa maneno niliyomsema. Shuaibu alikuwa akipaza takbiri, na mji mzima ukimwitikia. Baada ya miezi ya kunong'ona, sauti ile ilitutoa machozi. Bi Mishi jirani yangu alipiga kigelegele mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka.

Tulipofika njia panda, kisimani ni kushoto. Waziri akasimama. Akainua pua. Akageuka kulia.

"Kushoto, wewe!" Mahmudi akanong'ona.

"Hageuzwi!" nikamwambia. "Unataka kufungulia balaa mlango?"

Mwalimu akatazama kamba, akatazama mbinguni, akafuata. Waziri akaanza kukimbia. Mwalimu naye akakimbia, na mji mzima nyuma yake, kanzu zimeshikwa magotini, vyetezo vinatoa moshi kama meli, na Shuaibu mbele akipaza: "Allahu Akbar!"

Basi hebu tazameni kwa macho ya Ouko. Amechutama anasonga ugali wake. Anainua kichwa, anaona Waislamu wa kisiwa kizima wanamjia mbio na neno hilo.

Alishika spana kubwa, akarudi nyuma. Akarudi mpaka maji yakamfika kiunoni. Waziri hakumjali, alikwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Sisi tukasimama. Mimi huona kichekesho hata matangani, lakini niliona alivyoishika ile spana kwa mikono miwili, na kicheko kikanikauka.

"Kama ni leo, semeni ni leo," Ouko akasema.

"Leo nini?" Shuaibu akauliza. "Tumekufanya nini sisi?"

"Hilo neno. Ndugu yangu Omollo alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya mpakani. Waliopona waliniambia ndilo neno la mwisho alilosikia."

Shuaibu alikaa chini mchangani, vile vile na kanzu yake nyeupe.

"Baba yangu ndilo neno la mwisho alilosema," akamwambia. "Alikuwa anaadhini. Walimuua katikati, wale wale. Mimi niliporudi hapa niliimalizia ile adhana, pale alipoiachia. Wao wamelisema hilo neno, ndiyo. Lakini nikiwaachia, watakuwa wameninyang'anya baba, na neno la baba pia."

Ouko aliteremsha spana. "Waliua mtu wa msikiti?"

"Mlangoni mwa msikiti."

"Hakuna aliyeniambia."

"Utaambiwa na nani?" nikasema. "Kwani husemi na mtu."

Mwalimu Abdulqadir akainua mikono, akamwomba Mungu ampe subira mama yake Omollo na ndugu yake aliyesimama majini, na awalipe waliomwaga damu, ya huko na ya hapa. Sauti moja nyuma ikauliza kama yafaa. Mwalimu akageuka na mikono yake bado juu.

"Kumwombea subira mama aliyefiwa? Wewe umesoma wapi ambako haifai?"

Aliyeuliza akajificha nyuma ya chetezo.

Sasa kukawa na tatizo. Mduara haurudi nyuma, na mbele yetu ni bahari, na baharini kasimama mtu. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akavua viatu. Akaingia majini. Tukaingia sote, wanaume kanzu mapajani, wanawake buibui zinaelea, Yasini midomoni, tukamzunguka Ouko na spana yake, tukatokea upande wa pili wa hema. Samaki wa rasi ile nadhani mpaka leo wana baraka.

"Haya, toka majini," nikamwambia. "Umeshazungukwa. Au wangoja ukaushwe?"

Hapo alicheka. Kicheko kibaya, kama mashine iliyolala muda mrefu, lakini kilikuwa kicheko.

Waziri ndiye aliyekataa kuondoka penye ugali. Mwalimu alitikisa kamba, wapi! Kumpiga hakufai. Mwishowe Ouko akachukua sufuria yake, akatangulia, na Waziri akamfuata unyo unyo. Ndivyo mji wetu ulivyofungwa mduara siku ile: Mkristo mbele na sufuria ya ugali, mbuzi nyuma yake, kisha Mwalimu, kisha Yasini. Kisimani tukapita, msikitini tukafika.

Pale mlangoni Mwalimu akatoa kisu. Ouko akaona.

"Mzee, mnataka kufanya nini?"

"Tunachinja sadaka. Nawe una fungu lako."

Ouko akamshika Waziri shingoni. Mtu mzima, mikono imejaa grisi, macho yamejaa maji. "Mzee, tafadhali. Huyu nimeongea naye tangu nimekuja. Hapa kisiwani ni yeye peke yake."

Watu wakamtazama Waziri, wengine kwa huruma, wengine kwa njaa.

"Siku zote hizo hukutaka kusema na sisi, ukasema na mbuzi wangu?" nikamuuliza. "Alikwambia nini?"

"Aliniambia nyinyi ni watu wazuri. Sikumwamini."

"Ungemwamini vipi, ni Waziri!"

Msikiti mzima ulicheka. Bi Mishi, meno yalimtoka kweli. Mimi mwenye mbuzi nikamwambia Mwalimu kwamba sadaka naibadilisha. Akasema sadaka ni chakula kiingiacho tumboni mwa mwenye njaa, ila tumbo lenyewe liko tayari, hicho chakula kiko wapi? Ouko akakimbia hemani, akarudi na gunia la maharagwe begani. Vijana waliokuwa wameshanoa meno kwa ajili ya nyama walilia kama waliofiwa. Tukayapika kwa nazi. Mji ukazungukwa kwa mbuzi ukala maharagwe, na Ouko alikula mikate yangu ya mofa mpaka nikamwambia asile na sahani.

Boti ya samaki ilipokuja, nahodha alipiga kelele ufukweni: "Fundi! Panda, tunaondoka!"

Ouko alikuwa amelala chini ya mashine, hakuonekana ila miguu. "Nenda," akamjibu. "Mimi nina harusi."

Mashine ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Mahmudi alinikumbatia akanipaka grisi kanga nzima. Wakaenda Chovae pamoja, bwana arusi, fundi na Shuaibu, wakamrudisha Hanan na hina yake mikononi, na sisi tukampokea kwa vugo. Pembe zile nilizifukia chini ya meko yangu zamani zile za vijana wa bunduki. Nilizifukua, nikazipiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Hanan akashuka kwenye boti, mzuri kama kikuba cha maua, asumini zimemjaa kifuani. Waziri akapenya katikati ya wanawake, akanusa, akaanza kula asumini.

"Dani!" Ouko akaniita, ndivyo kwao wanavyomwita bibi. "Dani, mshike mbuzi wako!"

"Mbuzi wangu mimi? Mwambie wewe, si ndiye mnayesemezana!"

Ouko akamkaripia kwa Kijaluo. Waziri akaacha asumini, akamtazama, akamjibu: "Mee."