Shikamoo za Mzee Stesheni

Anselmi hakuanza kuwa mzee kwa nia mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana mbele ya safari hakuna atakayemtetea, na yeye mwenyewe atakuwa wa mwisho kujaribu.

Alikuwa na miaka thelathini na moja na chumba cha gemu pale Mikumi, kando ya barabara kuu, katikati ya gesti na fundi matairi. Humo ndani kulikuwa na TV nne, viti vya plastiki na pedi zilizolika kwa vidole gumba vya watu. Wateja wake walikuwa vijana wa stendi na madereva wa malori wanaopumzika kabla ya kuikamata njia ya Iringa, na wote hao, hata waliozaliwa nyuma yake, walimwita dogo. Akina mama wa jirani walimsalimia nusu nusu huku wakiwavuta watoto wao mkono. Ukiuliza Anselmi anafanya kazi gani, unajibiwa kwamba hana kazi, ana magemu.

Sasa kwenye mashine ya pembeni, aliyojiwekea mwenyewe, kulikuwa na gemu lisilo na goli wala bunduki. Ni ulimwengu tu. Unaingia, unajitengenezea mtu, unampa sura na nguo, unamtembeza mitaani akutane na watu wa wenzako walioko Tanga, Songea na hata Uarabuni, kila mmoja na mashine yake, mnaongea kwa sauti au kwa kuandikiana. Waswahili walikuwa na uwanja wao humo, una mabenchi na mto mbele yake, wakauita Kijiweni. Siku ya kwanza Anselmi aliingia na sura ya kijana, akatukanwa mara tatu kabla hajakaa. Siku ya pili, kwa utani, akajitengenezea mzee mwenye mvi, koti refu, kofia ya kizamani na mkongojo. Akamwita Mzee Stesheni, akamketisha benchi la mwisho. Haukupita muda, kijana mmoja mwenye raba nyekundu akaja mbio, akalizunguka benchi mara moja, akasimama mbele yake na kuandika: Shikamoo, mzee wangu.

Anselmi aliisoma mara mbili. Hakukumbuka mara ya mwisho kusalimiwa kwa heshima na mtu yeyote asiyetaka kukopa. Akaandika: Marahaba, mwanangu.

Utani ungeishia pale, tungecheka yakaisha. Lakini mtu akishaonja heshima, hata ya bandia, haimtoki mdomoni. Kesho yake saa tisa alasiri akarudi, na yule kijana akarudi. Alijiita Mbio. Hakuwa na matusi, na maandishi yake yalikuwa safi mno, herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Anselmi akasema moyoni kwamba huyu mtoto amelelewa. Mbio alipomuuliza ametokea wapi, Anselmi akamjibu kwa maisha ya marehemu babu yake: kwamba amefanya kazi reli, Kilosa, tangu ujana hadi kustaafu, kwamba ana miaka themanini na mbili na hana mtu. Mbio alifurahi sana, maana hata yeye aliifahamu Kilosa. Basi wakawa wanakaa wanaongea habari za vichwa vya treni vya zamani na mafuriko yaliyobeba reli, na wakimaliza Mbio anamuaga mzee, anaondoka akikimbia kufuata mto hadi asionekane. Alipenda kukimbia kupita kiasi. Kila siku shikamoo, kila siku marahaba, miezi saba.

Ndani ya miezi hiyo Anselmi alipata mchumba. Devota alikuwa muuguzi katika hospitali ya Berega, msichana wa maneno machache, na alimpenda Anselmi bila kumwomba aache magemu. Baba yake, Mwalimu Melkizedek, alikuwa mstaafu wa miaka sabini na moja, anaishi Kilosa mjini. Kisukari kilikuwa kimemkata mguu mwaka uliotangulia na tangu hapo alikuwa hatoki nyumbani, hata kanisani haendi. Anselmi hakuwa amewahi kumwona. Akaandika barua ya posa, mshenga akaipeleka, wakabaki wanasubiri jibu.

Wiki ya pili ya kusubiri, pale Kijiweni, Mbio akaandika:

Mzee wangu, naomba ushauri wa mtu mzima. Mimi si kijana kama unavyoniona. Nina binti, muuguzi wa Berega. Kuna kijana wa Mikumi ameleta barua. Kazi yake ni chumba cha gemu. Mwanangu Gabrieli aliniachia mashine hii nilipokatwa mguu, ndiyo maana nipo hapa, lakini naona haya kumwambia mtu. Nauliza, kazi ya namna hiyo ina faida yoyote kwa watu?

Jasho lilimtoka Anselmi kichwani likashuka hadi shingoni. Akahesabu haraka. Miezi saba, kila siku, mwalimu wa miaka sabini na moja, baba wa Devota, amemwamkia yeye. Na yeye ameitikia. Marahaba, mwanangu. Aliona aibu ya kutamani sakafu ipasuke, na hapohapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno matatu yangetosha.

Badala yake vidole vyake vikaandika, na viliandika vizuri ajabu. Aliandika kwamba kuna watu wanaingia mle kwa sababu nje hawana wa kuongea naye. Kwamba dereva aliyekaa barabarani siku nne akicheka nusu saa na wenzake anaendesha salama zaidi. Kwamba mtu asiyeweza kutembea kwake anatembea mle, na hilo si la kuchekwa. Yalikuwa maneno ya kweli yote, na hakuwahi kuitetea kazi yake hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Mwishoni akaongeza: Mpe binti, mwanangu. Mimi ningempa.

Mbio akajibu: Asante, mzee wangu. Umenitua mzigo.

Mwito wa Mwalimu ukafika kesho yake. Njooni Jumamosi.

Walikwenda na pikapu ya Mzee Lusekelo, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Njiani alimkumbusha utaratibu. "Wewe kazi yako ni kuamkia na kutazama chini. Mdomo ni wangu. Ukiulizwa, mimi ndiye niliyeulizwa." Anselmi aliitikia. Alikuwa amekubali kutazama chini kwa moyo wote.

Sebule ya Mwalimu ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kimoja kikubwa kimetandikwa juu ya TV. Pembeni ya TV ilikuwepo mashine, imepanguswa vumbi. Mwalimu akatoka chumbani kwa magongo, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti. Alikuwa mtu mkubwa, mabega mapana.

"Shikamoo, Mwalimu," Anselmi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Neno lile lilimchoma. Akaketi ukingoni mwa kochi, akatazama chini kama alivyoagizwa.

Mzee Lusekelo akaanza maneno ya ushenga, habari za jiko na ua na nyumba isiyo na mwanamke, lakini Mwalimu akamkatisha kwa upole.

"Ndugu yangu, tusizunguke. Mimi nilikuwa sitaki. Nilisema mwanangu hawezi kwenda kuolewa na magemu. Nikamtafuta mkubwa wangu nikamuuliza. Hapa mjini wakubwa zangu wamebaki wachache, na waliobaki hawasikii vizuri. Huyu nilimpata mle." Akaionyesha TV kwa gongo. Mzee Lusekelo aligeuka haraka, akidhani kuna mtu amesimama nyuma yake.

"Ana miaka themanini na mbili," Mwalimu akaendelea. "Mtu wa reli. Miezi saba namwamkia kila siku na ananiongoza. Mnaweza kunicheka, lakini mle ndani mimi nina miguu miwili, na kuna mtu mzima ananingoja kwenye benchi. Ndiye aliyesema nikupe binti, kijana. Kwa hiyo nakubali. Nina ombi moja tu. Siku ya ndoa nataka mzee huyo aje akae pembeni yangu. Hana mtu. Nitamfuata popote alipo, hata kwa magongo haya."

Anselmi angeweza kunyamaza. Lazima isemwe kwamba alifikiria hivyo, na alifikiria kwa undani. Mzee Stesheni angeweza kuugua wiki ile ile. Alishampangia hadi ugonjwa, kifua, na hospitali ya mbali, na ujumbe wa mwisho wa kuaga. Mwalimu angelia, ndoa ingefungwa, na asingejua mtu. Ndipo akaona magongo yale yakipanda basi kumtafuta marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Akasikia aibu kubwa kuliko ya siku ile ya kuombwa ushauri.

"Mwalimu," akasema.

"Nyamaza," Mzee Lusekelo akanong'ona.

"Mwalimu, huyo mzee ni mimi."

Mwalimu alitabasamu kidogo, akisubiri mwisho wa mzaha.

"Raba nyekundu," Anselmi akasema. "Kila ukifika unalizunguka benchi mara moja kabla hujanisalimia. Yale ya reli ni ya marehemu babu yangu. Nilikudanganya."

Tabasamu la Mwalimu halikuondoka kwa mara moja. Alitazama TV, akatazama pini ya suruali yake, akaishika kwa vidole viwili. Mama Devota, aliyekuwa akiingia na chai, akasimama mlangoni na sinia lake.

"Kwa hiyo miezi saba," Mwalimu akasema, "nimekuwa nikimwamkia mtoto."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulijua lini kwamba ni mimi?"

Hapo napo palikuwa na njia ya kutokea. Angesema leo, nilipoingia hapa. Nani angebisha?

"Siku uliyoniuliza habari za binti."

"Ukajijibia mwenyewe."

"Nilijijibia mwenyewe."

Mzee Lusekelo alijifunika uso kwa kofia. Mwalimu aliichukua barua ya posa kutoka mfuko wa shati, akaikunja tena katika mikunjo yake ileile, akaisukuma chini ya kitambaa cha kwenye TV. "Nendeni salama," akasema, akainuka kwa magongo kurudi chumbani. Alitembea polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Wakashika njia ya kurudi. Walipokikaribia kijiji cha Ulaya ndipo Mzee Lusekelo akafungua mdomo. "Nimekuwa mshenga wa watu tisa," akasema. "Wawili walikuwa walevi. Mmoja alikuwa na mke mwingine kule Msowero na hakusema. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuamkiwa na mkwe." Anselmi aligeukia dirisha. Kule nje nyani walikuwa wamekaa kando ya barabara, naye aliona hata wao wanamtazama.

Siku ya kumi na mbili Devota akapiga simu. Hakulia wala hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Baba hajawasha TV tangu siku ile," akasema. "Mama anasema anashinda amegeukia ukuta. Mimi sikulilii uchumba, Anse, huo tutaujua baadaye. Ila baba yangu alikuwa ameanza kula vizuri. Alikuwa anacheka peke yake saa tisa alasiri. Tulidhani dawa zimemkubali."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mzee wa ushauri."

Simu ikakatika. Anselmi alibaki ameishika. Hadi siku ile alidhani amemvunjia Mwalimu heshima, na hilo lingeombewa radhi kwa washenga na wazee. Kumbe alikuwa amemkata mguu wa pili. Aliingia kwenye mashine, akamfuta Mzee Stesheni na koti lake na mkongojo wake. Akatengeneza kijana mmoja mwembamba, amevaa fulana, na jina akaandika lake: Anselmi wa Mikumi. Akamketisha kwenye benchi la mwisho.

Alikaa pale kila siku kuanzia saa tisa. Watu wa Kijiweni walimtukana kama kawaida. Wengine waliuliza yule mzee amekwenda wapi, naye akawajibu kwamba hakuwepo mzee, alikuwa yeye, wakamtukana upya kwa haki kabisa.

Ilikuwa wiki ya tatu, chumba kimejaa madereva wanacheza mpira kwa kelele, raba nyekundu zilipotokea ng'ambo ya uwanja. Hazikukimbia. Zilikuja taratibu na hazikulizunguka benchi. Mbio akasimama mbele yake.

Anselmi akaandika: Shikamoo, Mwalimu.

Madereva walifunga goli, wakapiga kelele, wakaweka mpira kati. Kisha maneno yakatokea, na nukta yake mwishoni.

Mkubwa haamkiwi umekaa.

Anselmi akabonyeza pedi, kijana wake akainuka kutoka kwenye benchi.

Nimesema wewe.

Alielewa, na masikio yakamwaka. Hakuna mtu Kilosa ambaye angemwona. Angeweza kubaki kwenye kiti chake cha plastiki akaandika kwamba amesimama, na Mwalimu asingejua mpaka anaingia kaburini. Kwa sababu hiyohiyo akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake, madereva wakageuka, mmoja akauliza, "Dogo, vipi tena?" Yeye akasimama wima mbele ya TV, pedi mikononi, kichwa ameinamisha.

Nimesimama, Mwalimu, akaandika. Shikamoo.

Akangoja.

Marahaba. Barua ipo chini ya kitambaa, sijaijibu. Twende mtoni, nimekaa sana.

Raba nyekundu zikageuka, zikaanza kukimbia. Anselmi akazifuata kwa nyuma, hatua chache, akiwa bado amesimama katikati ya chumba chake, na madereva wakaacha mpira wao kumtazama.