Matete Ndani ya Tuta

Maji yanayovuja chini ya tuta huangaliwa kwenye glasi. Yakiwa maangavu, narudi nyumbani kunywa chai. Yakiwa na tope, ujue yanatoka na tuta lenyewe, punje kwa punje, na siku hiyo chai haipo. Nimelinda tuta la ziwa Shegekol miaka tisa, na hilo ndilo nililojifunza mapema kuliko yote.

Mama yangu, Shariypa, alikuwa na haja moja tu. Gati la zamani, walikokuwa wakishusha samaki wakati wa ujana wake, lilikuwa limesimama mchangani miaka arobaini. Tulipoambiwa kwamba ziwa litajazwa upya, alitaka kitanda chake kisogezwe dirishani.

"Nikiona maji yamegusa nguzo ya kwanza," aliniambia, "nitakufa bila kukusumbua."

"Basi yasiguse kabisa."

"Mjinga wewe, Otegen. Unataka nife kwa kiu?"

Vuli ile sehemu ya tuta, hatua sitini hivi, ilikuwa imebomoka. Injiniya Sarbinaz alikuja kutoka mji wa Nukus, akapima, akasema tujaze udongo wa mfinyanzi mtupu, tabaka moja baada ya jingine, na kila tabaka lishindiliwe. Akarudi mjini. Udongo wenyewe ulikuwa mbali, mvua ikakata barabara, malori hayakufika. Maji yalikuwa yafunguliwe mwisho wa baridi.

"Baba yako aliziba mikono ya mto kwa matete," mama alisema. "Unalaza mafungu, unamwaga udongo wowote juu, unalaza tena. Litavuja wiki moja, kisha mto unaziba wenyewe kwa tope lake. Mfinyanzi ni wa vyungu."

Kila mtu wa kwetu analijua hilo. Nilikata matete. Mama, mwenye miaka sabini na minane, aliketi uani juu ya zulia la manyoya akafunga mafungu arobaini na matatu kwa mikono yake. Fundo lake lilizunguka mara mbili kisha likameza mkia wake. Tulipomaliza nilimpigia injiniya nikamwambia tuta liko tayari. Hakuniuliza limejazwa nini, nami sikusema.

Maji yalikuja. Kila jioni mama aliuliza zimebaki hatua ngapi kufika gatini. Mia tatu. Mia na themanini. Tisini. Upande wa pili tuta lilivuja, lakini glasi ilikuwa angavu, nami nikasubiri mto uzibe.

Siku ya kumi, uvujaji ukizidi, nilichota glasi upande wa ziwa. Nayo ilikuwa angavu. Nikaiweka juu ya jiwe mpaka adhuhuri. Chini hapakutuama kitu. Maji ya mto wa baba yangu yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku hizi tope lote linabaki nyuma ya mabwawa makubwa huko juu, na kwetu yanafika maji matupu. Hayakuwa na kitu cha kuzibia. Nilikaa pale juu ya tuta muda mrefu.

Siku ya kumi na mbili mwenzangu Parahat aliinua glasi yake juani.

"Kaka, nani kakukorogea maziwa humu?"

Kisha akaniona uso, akaacha kucheka.

Nikapiga simu.

"Mmetia nini mle ndani?" Sarbinaz aliuliza. Nikamwambia. "Fungua lango la chini. Teremsha maji nusu mita."

"Injiniya, zimebaki hatua arobaini."

"Najua habari za mama yako. Tuta likikatika, ziwa lote linakwenda, na kijiji cha chini nacho. Fungua, Otegen."

Nilizungusha gurudumu la lango asubuhi nzima. Parahat alitaka kunipokea, nikakataa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameegemea dirisha.

"Maji yamerudi nyuma."

"Ni upepo, mama."

"Upepo wa wapi huo? Mimi nimezaliwa hapa. Sema."

"Panya wa maji. Wametoboa tuta, imebidi tuyapunguze."

Alinitazama. "Wametoboa karibu na matete yangu?"

"Mbali kabisa. Matete yako yameshika vizuri."

"Nilikwambia," alisema, akatabasamu, akanyoosha bakuli nimwongeze chai. "Mfinyanzi ni wa vyungu. Wategee mitego hao panya, usikae tu."

"Nitatega."

Na nilitega kweli, mitego mitano, mahali anapoweza kuiona kutoka dirishani. Kila asubuhi aliuliza kama nimenasa. Siku ya nane nilinunua panya mmoja kwa mwindaji nikamwonyesha. Alimtukana yule panya kwa maneno ambayo sikujua anayajua.

Alifariki siku kumi baadaye, uso dirishani. Kati yake na gati kulikuwa na matope yaliyoanza kupasuka.

Kiangazi malori yalileta udongo, tukafukua. Matete yalitoka safi, bila tope, mianya kati yake wazi. Ungeweza kuchungulia upande mmoja ukaona mbingu upande wa pili. Parahat alitaka kuyafungua akajengee ua wa mbuzi. Alihangaika na fundo la kwanza, akalijaribu kwa meno.

"Aliyefunga hivi alikuwa na kisasi na nani?" akasema. Kisha akakumbuka. Akaliweka fungu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Nisamehe, kaka."

Tulishindilia mfinyanzi tabaka kwa tabaka mpaka vuli.

Mwaka uliofuata maji yaligusa nguzo ya kwanza siku ya Jumatano, kabla ya saa sita. Parahat alikuja mbio kuniambia. Nilikuwa chini ya tuta na glasi yangu, na glasi ilikuwa angavu. Nilimwambia atangulie. Sikwenda.