Kijiko cha Tele

Mwaija binti Salumu alitundikiwa chupa ya kwanza alfajiri, ya pili saa mbili, na saa nne mzee Kombo akawa anamtundikia ya tatu, na bado mwanamke yule analia kiu. Hilo ndilo lililomkosesha raha Pantaleo. Mtu aliyeharisha siku tatu analia kiu, sawa, nani asiyejua? Lakini mtu aliyeingizwa maji mshipani chupa mbili nzima, kiu gani hiyo inayozidi badala ya kupungua?

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, njia ya Makurunge. Masika ya mwaka ule wa 1951 hayakuwa na adabu. Mto Mpiji ulikuwa umechukua daraja, magari ya Dar es Salaam hayaji wala hayaendi, na Sista mwenye zahanati alikuwa amekwama huko huko Dar, alikopeleka mizani ya dawa ikatengenezwe. Waliobaki kazini ni wawili. Pantaleo, kijana wa Kiluguru wa miaka ishirini na sita, kazi yake kutazama damu kwa hadubini na kutafuta malaria. Na Kombo, dresa mkongwe, aliyekuwa akifunga vidonda vya watu wa Bagamoyo tangu Pantaleo hajazaliwa.

Sasa, Kombo hakuwa mtu wa kuambiwa. Akipita mjini, watu wazima na mvi zao walimwamkia shikamoo. Halafu Mwaija hakuwa mgonjwa wa njiani tu, alikuwa mtoto wa dada yake, Tatu, ambaye muda wote alikaa chini kando ya kitanda ameushika mguu wa mwanawe, hafumbui mdomo ila kwa dua.

Pantaleo alisogea akamtazama mgonjwa vizuri. Midomo imepasuka, ulimi mkavu, vidole vinacheza vyenyewe. Alipomwita jina, Mwaija alifumbua macho, akamwangalia mama yake, akamwita shangazi. Tatu akajifanya hakusikia. Pantaleo alisikia.

Akamvuta Kombo pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yale maji hayamsaidii, pengine wayasimamishe kidogo. Kombo akamkata kauli pale pale. Akamwambia yeye kazi yake ni vioo, na vioo viko chumba cha pili. Wagonjwa wana mwenyewe. Na kweli, kwa desturi ya pale, ilikuwa hivyo. Kijana angeweza kuondoka zake na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakuondoka. Akauliza tu, kama mtu anayetaka kujifunza, maji yale yalichanganywaje.

Swali hilo Kombo alilipenda. Akaeleza: maji ya mvua, yamechemshwa na kuchujwa mara mbili, chupa zimechemshwa, na chumvi kijiko kimoja kwa kila chupa, kama alivyoagiza Sista siku alipoondoka na mizani yake. Akafungua kopo la chumvi amwonyeshe. Akazamisha kijiko, akakiinua, nacho kimebeba kilima mpaka punje zinaporomoka pembeni.

"Sikumfanyia mtu ubahili," alisema Kombo.

Pantaleo alikitazama kile kilima, akageuka akaitazama chupa.

Usimcheke Kombo, tafadhali. Pwani kipimo kina sura mbili, na kila mtoto anajua kabla hajajua kuhesabu. Kuna kibaba cha mfuto, kinachofutwa juu kikawa sawa na ukingo, ndicho cha muuza duka; na kuna kibaba cha tele, kinachojazwa mpaka kimwagike, ndicho cha mtu anayetoa kwa ajili ya Mungu. Sista alisema kijiko kimoja, akapanda gari. Kwao uzunguni kijiko ni kimoja tu, kile kinachofutwa kwa kisu, wala haikumpitia akilini kwamba kuna kingine. Na Kombo naye alipobaki peke yake na lile kopo alijiuliza kama mtu wa Bagamoyo, mfuto au tele? Dawa ya mgonjwa! Wewe ungefuta?

Basi, Pantaleo alikuwa ameshajua kosa liko wapi, lakini kujua hakukumpa nafuu hata kidogo. Akiyakata maji, Mwaija atakufa kwa kukauka, kwa maana bado tumbo lilikuwa linamwendesha. Akiyaacha, chumvi itammaliza. Na akisema ayazimue kwa maji matupu, ayazimue kiasi gani? Mizani iko Dar. Akizidisha, nayo ni sumu ya namna yake. Alisimama katikati ya chumba anajikuna kidevu, na lile tone ndani ya chupa linadondoka, linadondoka, na kila tone lilimchoma yeye.

Ndipo akakumbuka kitu alichoonyeshwa chuoni, mchana mmoja tu, wenzake wakisinzia. Akachota maji ya Kombo kwa kijichupa, akakimbilia chumba cha pili, akajichoma kidole kwa sindano.

Tone la kwanza la damu yake alilitazama hivi hivi. Chembe zilikuwa nzima, duara, zimetulia kama vitumbua. Tone la pili akalichanganya na maji ya chupani, akainama tena kwenye hadubini. Loo! Chembe zilikuwa zinanywea mbele ya macho yake. Zilisinyaa, zikafanya miiba ukingoni, zikawa vidude vya kusikitisha visivyo na umbo. Tone la tatu akalitia maji matupu yaliyochemshwa, yasiyo na chumvi kabisa. Hizo nazo zilivimba, zikavimba, zikapasuka, na kioo kikabaki chekundu bila chembe hata moja.

Kila chembe, ndivyo alivyofundishwa, imevikwa utando mwembamba mno. Maji huupita utando huo yapendavyo, huku na huku, lakini chumvi haipewi njia hivi hivi. Na maji hukimbilia kule chumvi iliko nyingi. Ukiiweka chumvi nyingi nje, maji ya ndani yatatoka yaifuate. Mwaija alikuwa ananyonywa maji kutoka ndani ya nyama yake mwenyewe, na wanaomnyonya ni wale waliokesha wakimtibu.

Alimwita Kombo. Kombo akaja, kwa hasira, akainama kwenye hadubini kwa sababu tu alikuwa na haraka ya kurudi. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko Pantaleo alivyotarajia.

"Damu ya nani hii?"

"Yangu, mzee."

Kombo akainuka, akacheka kwa pua. Akasema mambo yameeleweka: watu wa milimani chumvi hawakuizoea, wanaila kwa kulamba kama mbuzi, na damu zao zinaona haya mbele yake. Mwaija amezaliwa pwani. Akanyoosha mkono wake juu ya meza.

"Chukua yangu," alisema. "Halafu uniache nifanye kazi."

Pantaleo alimchoma kidole mzee yule. Akachanganya, akaweka kioo, hakutazama. Akampisha Kombo atazame mwenyewe. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kule chumba cha wagonjwa Mwaija aliita maji mara mbili, kisha akanyamaza, na ule unyamavu ulikuwa mbaya zaidi ya kilio.

"Zinakunjamana," alisema Kombo taratibu.

"Tunamkausha kama samaki wa ng'onda, mzee wangu. Nisamehe."

Kombo alitoka, akaenda moja kwa moja kitandani, akaubana ule mpira kwa mkono wake mwenyewe mpaka tone likakoma. Tatu akaruka. Alimshika kaka yake nguo, akamuuliza kwa nini anamkatia mwanawe maji, amemkosea nini, kama amekata tamaa aseme.

"Niliyakosea mimi," Kombo alimwambia. "Mpe maji ya kunywa, kijiko kijiko. Ya mshipani tunayachanganya upya."

Kwa mtu aliyemjua Kombo, maneno hayo yalitisha kuliko ugonjwa. Tatu akakaa.

Wakaanza kazi. Mizani hawana, basi chembe zenyewe ndizo zitakuwa mizani. Pantaleo alichukua kipimo kimoja cha maji ya chupani, akaongeza kipimo kimoja cha maji matupu, akatia damu. Zikasinyaa, ingawa si kama mwanzo. Akaongeza kipimo cha pili cha maji matupu, akatia damu tena. Zikakaa duara. Alitaka kushangilia, akajizuia, kwa sababu chembe huweza kukudanganya dakika ya kwanza. Akaiweka saa mezani, wakangoja dakika kumi wote wawili, mmoja akitazama kioo na mwingine akitazama saa. Katikati ya dakika hizo Tatu alipiga ukelele: Mwaija amepinda mgongo, meno yamebana, degedege imemshika. Pantaleo aliinuka nusu. Kombo akamwambia akae, akaenda yeye, akamlaza mgonjwa ubavu, akamshikilia mpaka mwili ukalegea.

Aliporudi chembe zilikuwa bado duara. Moja kwa mbili, basi. Walichanganya, wakachemsha upya kwenye kuni zilizolowa zinazotoa moshi mtupu, wakazitia chupa ndani ya karai la maji ya mvua zipoe polepole, na Kombo, mzee mzima wa heshima zake, alichutama pale anazipepea kwa ungo. Kila baada ya muda aliigusa chupa kwa shavu. Mara tatu alisema bado. Pantaleo alikuwa anachungulia kifua cha Mwaija kupitia mlangoni, akihesabu kinavyopanda, na mara moja alihesabu mpaka saba kabla hakijapanda tena.

Saa sita na nusu walitundika.

Mpaka alasiri hapakuwa na mtu aliyekula. Kwanza vidole viliacha kucheza. Halafu ulimi ukapata unyevu. Halafu Tatu, aliyekuwa bado ameshika ule mguu, akaingiza mkono chini ya mgonjwa, akautoa, akaunusa, akaanza kulia kwa sauti. Mwaija alikuwa amejikojolea. Tangu juzi yake hakutoa hata tone.

"Mama," alisema Mwaija, kwa sauti ya kukwaruza, "mbona umelowa?"

Mama. Pantaleo alitoka barazani akakaa chini, akacheka peke yake kama mwehu. Hakuona aibu.

Kombo ndiye aliyekusanya vyombo. Alipomaliza kupanga alitoka, akasimama nyuma ya Pantaleo.

"Nilichanganya chupa sita," alisema. "Mwaija kamaliza mbili. Moja tumeizimua. Rafuni zimebaki mbili."

Pantaleo akahesabu kichwani. Kicheko kikamwisha.

"Ya sita nilimtundikia Mbaruku, Jumatano. Naye alilia kiu mpaka akanyamaza. Nikamwosha mwenyewe kabla ya kuzikwa." Kombo alijifuta uso kwa kiganja. "Wewe umesoma. Angekufa tu?"

Pantaleo alitaka sana kusema ndiyo. Mbaruku alikuwa mzee, aliletwa amechelewa, hakuna ambaye angebisha. Neno lilimjaa mdomoni.

"Sijui, mzee," alisema.

Kombo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokiomba. Akaingia ndani kuvaa kofia yake, akamwagiza Pantaleo asimwache mgonjwa, akashuka barazani mvua ikimpiga. Nyumba ya marehemu Mbaruku ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua mia hivi, na watu walikuwa bado wamekaa matanga.

Pantaleo alimwona anafika. Akamwona mtoto mkubwa wa marehemu akiinuka, akimpokea dresa kwa mikono miwili, akimwinamia, akimshukuru tena kwa jinsi alivyompigania baba yake. Wakampisha kwenye mkeka, mahali pa mbele. Kombo alivua kofia iliyolowa, akaketi, akaomba watu wanyamaze kidogo.