Vifungo vya Shati la Babu

Mjukuu wangu tulimwita Kioo tangu hajamaliza kuota meno, kwa sababu ukipita mbele yake umeshaigizwa. Fundi cherehani wa jirani akikanyaga mashine yake, Kioo naye mguu unamchezacheza. Mimi nikipepeta, yeye mabega. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukamwuliza, "Utakula kwa hayo?"

Kumbe atakula. Siku hizi kazi yake ni kutunga dansi za jukwaani. Hachezi mwenyewe, huwachezesha wengine, na watu wazima na akili zao hununua tiketi wakakaa gizani kimya kutazama.

Mwaka huu dansi yake moja ikapata tuzo kubwa. Akaja nayo nyumbani, akaisukumiza nyuma ya kochi kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "tuzo huwekwa juu ya kabati."

"Iache tu, bibi."

Babu yake hakuiacha. Mikono inamtetemeka tangu alipougua, lakini ulimi mzima kabisa. "Mke wangu ameshinda, halafu mimi mumewe ninyimwe kuona? Washa hiyo dansi."

"Mtandao unasumbua, babu."

"Sasa hivi ulikuwa unacheka na simu. Ulikuwa unacheka na chaja?"

Visingizio vikamwishia. Akaegemeza kompyuta yake kwenye chupa ya chai, tukatazama.

Jukwaani yupo kijana mmoja, anavaa shati. Basi. Kidole kinafuata kifungo, kifungo kinakimbia. Bega linapanda kuusaidia mkono, shingo inainama kulisaidia bega, mpaka mwili mzima unahangaikia kifungo kimoja. Kisha ncha ya ulimi ikamtoka pembeni ya mdomo, na hapo nikamgeukia mzee wangu. Ulimi ule mimi naamka nao kila siku.

Mwishowe kifungo kikaingia. Watu ukumbini wakasimama, makofi kama mvua juu ya mabati.

Babu hakupiga makofi.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni, babu."

"Muda wote huo?"

"Bibi alikuwa sokoni. Nilikuja kukusaidia, wallahi. Nikaona lile bega, nikasema nilitazame kidogo nisije nikalisahau." Akaifunga kompyuta. "Kesho yake nikaja tena. Siku hiyo sikuja kusaidia."

Babu akatazama mikono yake. "Huyo kijana wako kifungo kilimwingia," akasema. "Mimi siku ile niliishia kuvaa fulana."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Lakini asubuhi yake alipokwenda chumbani kuvaa, akafunga mlango, mlango ambao sijauona ukifungwa tangu wanangu walipohama. Mimi na Kioo tulikuwa sebuleni, chai mbele yetu. Tukasikia kitambaa kikisuguana, kisha kimya, kisha kikisuguana tena. Chai ya mwenzangu ikapoa bila kuguswa.

Akainuka, akaenda kusimama palepale mlangoni.

"Hodi, babu."

Sauti ikatoka ndani: "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina milango mingi, mwenyewe nashindwa kuifunga."

Jibu analijua. Hata mtoto wa chekechea angelijua. Lakini Kioo aliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango.

"Nimeshindwa, babu. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Ule walikonipa tuzo. Uchukue wote."

"Siutaki. Una watazamaji wengi mno."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mlango ukafunguka kidogo, upana wa mtu mwembamba kupita.

"Ingia. Ila macho yako yaache huko nje."

Kioo akayafumba. Akaingia akipapasa ukuta, akaupata mkono wa babu yake, akalipata shati, akaanza kufunga kifungo kimoja kimoja, machozi yakimpenya kwenye kope alizozibana. Alipofika cha mwisho, hakikuwa na tundu. Upande mmoja wa shati ulining'inia chini kuliko mwenzake.

"Nifumbue, babu?"

"Bado."

Babu akatoka na shati lake hivyohivyo, limepinda kama kibanda kilichoegemea, akakaa mezani akavuta kikombe. Nikainuka nikamfumbue mtoto wa watu. Mzee akanitikisia kichwa.

Nikakaa. Kutoka pale nilipokaa, namwona Kioo kule chumbani, amesimama wima, amefumba, mikono bado iko mbele yake kwenye shati lisilokuwepo.